Kabla hujafyeka ukingo wa kijito

Januari hii nimepigiwa simu na vijana watatu wa mabonde tofauti huku kwetu Lushoto, wote na kilio kimoja: "Bwana shamba, maji yamekata na kabichi bado wiki tatu." Kila mmoja nilimuuliza, ukingoni mwa kijito chako kumebaki nini? Wawili wamefyeka hadi majini. Wa tatu ana mikaratusi.

Siwacheki. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikodi bonde, nikang'oa miti na vichaka vyote pembeni mwa maji ili nipate matuta manne zaidi. Msimu wa kwanza hela niliiona. Masika iliyofuata ukingo ulimeguka, matuta yote manne yakaenda na maji, na kiangazi pampu ikawa inavuta tope.

Maji tunayomwagilia Januari na Februari, wakati bei ya mboga imepanda, mengi ni mvua iliyozama ardhini miezi ya nyuma chini ya misitu kama Magamba na Shagayu, ikatoka polepole kwenye chemchemi. Hilo mnalijua, Mto Umba wenyewe unaanzia Shagayu. Nataka tuongelee upande ambao hatufundishwi sana: kijito nacho kinakula, na chakula chake kinashuka kutoka kwenye miti.

Kwenye kivuli mwani hauoti sana. Kinachokilisha kijito ni majani, na yanaanguka zaidi kiangazi. Yakilowa, kuvu inaota juu yake, kisha mabuu ya wadudu na wale kaa wadogo tuliowakamata utotoni wanayatafuna. Mabuu yakikomaa yanaota mbawa na kutoka majini, yanaliwa na buibui, popo na ndege. Kereng'ende naye amekulia humo humo majini. Sasa hao wote ndio wanaowinda pia nondo na vidukari shambani kwako, bila kukudai hata senti. Ukifyeka ukingo umewafukuza, halafu unakwenda dukani kununua sumu.

Wajapani walilipima jambo hili. Kisiwani Hokkaido, miaka ya 1990, Shigeru Nakano na wenzake walifunika kijito cha msituni kwa kitu mfano wa kitalu nyumba, wadudu wa mitini wasidondoke majini. Samaki wakageukia wadudu wa majini wanaokula mwani, na mwani ukazidi. Hesabu ya mwaka mzima iliyochapishwa 2001 ilionyesha kwamba karibu robo ya chakula cha ndege wa pale kilitoka kijitoni, na karibu nusu ya chakula cha samaki kilitoka msituni. Tena walipokezana kwa misimu: miti ikiwa haina majani ndege walitegemea kijito, na majira ya joto samaki wakategemea miti. Kalenda yetu ni nyingine, lakini kupokezana kupo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Najua mtaniambia bonde zima halifiki mita 60! Ndiyo maana nasema mboga zipande juu, pampu na mpira vitafika. Ukingoni rudisha mchanganyiko, mikuyu, miringaringa na vichaka vinavyojiotea, na juu yake mstari wa majani ya guatemala kuzuia udongo. Usichome majani yaliyodondoka. Na bomba la kupulizia sumu lisioshewe kijitoni, maana unaua mabuu hadi kwa jirani wa chini.

Wale wawili tumekubaliana miche iingie ardhini masika hii, mvua zikishika. Yule wa mikaratusi ameshapata mteja wa nguzo, anaanza kukata na mistari iliyo karibu na maji.