Nani Ashike Ufunguo wa Kompyuta ya Nyumbani?

Siku hizi kompyuta moja hutumiwa na nyumba nzima. Baba huandikia barua za pensheni, mama huweka hesabu za kikundi, na watoto hufanyia kazi za shule na michezo. Katika somo hili tutazame jambo moja tu: nani ana mamlaka gani juu ya mashine hiyo.

Kila mtumiaji huingia kwa akaunti, nazo ni za aina mbili. Akaunti ya msimamizi yaweza kuweka programu mpya, kubadili mipangilio ya mashine yote, hata kufungua faili za wengine. Ya kawaida yaweza kuandika, kusoma na kuchapa. Katika kompyuta za Windows, akaunti inayofunguliwa kwanza huwa ya msimamizi, na nyumba nyingi huishia hapo hapo. Wote huitumia hiyo moja. Sisi tuliofundisha twajua kwamba ufunguo wa stoo ya shule hauachwi mlangoni.

Hatari ni hii: programu hupata haki za yule aliyeifungua. Mtoto akileta mchezo wenye kirusi ndani yake, naye yumo kwa akaunti ya msimamizi, kirusi chaweza kupata mamlaka yale yale. Tangu Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa watu wote Januari 2007, skrini husimama kwanza na kuuliza. Lakini msimamizi hujibu kwa kubonyeza Ndiyo tu, ilhali mtumiaji wa kawaida hutakiwa kutoa neno la siri la msimamizi. Mkono uliozoea kubonyeza Ndiyo hausomi kilichoandikwa, wala hatusemi habari za watoto peke yao.

Basi tufanye hivi. Tufungue Mipangilio, twende penye Akaunti, tuongeze akaunti mpya na kuipa cheo cha msimamizi pamoja na neno la siri gumu. Tutoke, tuingie kwa hiyo mpya, ndipo tuishushe ile ya zamani iwe ya kawaida. Barua na picha zetu zitabaki mahali pake. Watoto nao wafunguliwe akaunti zao za kawaida. Neno la siri liandikwe kwenye karatasi na kuwekwa pamoja na hati za shamba, na mtu mzima wa pili ajue lilipo. Likijulikana na mmoja tu, siku akiugua au akifariki, nyumba nzima itahangaika.

Hata hivyo, akaunti ya kawaida huilinda mashine na faili za wenzetu, si faili zetu wenyewe. Viko virusi vinavyofunga faili na kudai fedha, navyo vyaweza kufunga chochote tunachoweza kukibadili sisi. Kwa hiyo picha na hesabu zinakiliwe kwenye diski ya pembeni, na ikiisha kunakiliwa ichomolewe. Ikiachwa imechomekwa, nayo itafungwa pamoja na nyingine.