Krediti 540: Shahada ya Uzamivu na Mgonjwa wa Mwambao wa Ziwa

Katika hospitali za Mwanza jina "daktari" hubebwa na watu wa aina mbili, na wagonjwa wengi hawajaelezwa tofauti yao. Yupo aliyesomea udaktari wa tiba kwa miaka 5, akafanya mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo, kisha akasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Huyo anaruhusiwa kutibu. Yupo pia mwenye shahada ya uzamivu, ambaye huenda ni mhandisi wa vifaa tiba au mtaalamu wa takwimu. Huyu haandiki dawa, isipokuwa awe tabibu pia.

Uzamivu hupimwa kwa krediti. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, iwe darasani, maabara, maktaba au mezani anapoandika. Shahada ya kwanza haipungui krediti 360, ya uzamili 180, na ya uzamivu 540, yaani saa 5,400. Anayesoma saa 40 kwa wiki, wiki 45 kwa mwaka, huzimaliza kwa miaka 3. Mtumishi wa afya wa Ukerewe anayebaki kazini na kupata saa 15 tu kwa wiki atahitaji miaka 8. Hesabu hiyo yafaa ifanywe kabla ya kuomba ruhusa ya masomo, si baada ya ada kulipwa.

Katika uhandisi, sehemu kubwa ya saa hizo huenda kwenye utafiti na tasnifu; kozi za darasani ni chache, na baadhi ya wanafunzi hawana kabisa. Tuchukue mfano wa mhandisi anayebuni darubini yenye kamera ya kutambua mayai ya kichocho cha tumbo. Kifaa chake hakiwezi kujifunza bila picha nyingi za vinyesi vya wavuvi na watoto wa mwaloni. Kwa hiyo krediti zake zinategemea watu ambao hawatasoma tasnifu hiyo kamwe.

Mtu anayeombwa sampuli ana haki ya kuuliza anayeomba ni nani, utafiti umeidhinishwa na kamati gani ya maadili, na kama atapewa majibu yake. Aelezwe kwa lugha anayoielewa, hata ikiwa Kisukuma au Kikerewe. Akikataa, huduma yake ibaki ileile. Sahihi iliyopatikana kwa kumtisha si ridhaa.

Mhudumu wa zahanati naye asingoje utafiti ukamilike. Mayai yakionekana leo, mgonjwa apimwe uzito na kupewa prazikwanteli kwa kipimo chake, ingawa tasnifu bado ina miaka 2 mbele yake.