SOMO LA 14: MTOTO MWENYE SELIMUNDU



Katika vijiji vyetu vya Upare wapo watoto wanaougua mara kwa mara tangu wakiwa wachanga. Leo vidole vimevimba. Kesho macho yana rangi ya manjano. Mwezi ujao damu imepungua. Wazazi wameuza kuku, wameuza mbuzi. Wengine wamekwenda kwa mganga wakaambiwa kwamba jirani ana kijicho. Ugonjwa huo una jina. Unaitwa selimundu. Watu wengi huuita sikoseli.

Ndani ya damu zimo chembe ndogo nyekundu. Chembe hizo ni laini na za mviringo. Kazi yake ni kuchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Kwa mtu mwenye selimundu chembe hizo hujipinda kama mundu wa kukatia majani ya ng'ombe. Zikijipinda, hunasa katika mishipa midogo. Wewe unajua mfereji unaotoka kwenye ndiva. Takataka zikiuziba, maji hayapiti na shamba la chini linakauka. Ndivyo ilivyo katika mwili. Mahali damu isipopita, ndipo panapouma.

Tena chembe nzima huishi kama siku 120. Iliyojipinda huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo sababu damu ya mtoto huyu hupungua upesi.

Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kulala pamoja. Hurithiwa kutoka kwa wazazi. Tufanye jaribio hili hapa darasani.

Chukueni vikopo viwili. Kimoja ni baba, cha pili ni mama. Katika kila kikopo tieni harage moja jekundu na moja jeupe. Jekundu ndilo la ugonjwa. Mtu mwenye jekundu moja na jeupe moja kwa kawaida haugui. Analima, anazaa, anazeeka, wala hajui kwamba amebeba kitu. Sasa fumbeni macho. Toeni harage moja kutoka kila kikopo. Huyo ndiye mtoto. Yakitoka mekundu mawili, mtoto ana selimundu. Likitoka jekundu na jeupe, mtoto ni mbebaji kama wazazi wake. Yakitoka meupe mawili, hana lolote. Rudisheni maharage, toeni tena. Fanyeni hivyo mara 20 na kuandika ubaoni.

Mtaona kwamba mekundu mawili hutoka kama mara 1 katika kila 4. Lakini pia yanaweza kutoka mara mbili mfululizo. Kila mimba ni kutoa upya. Usiseme, "Wa kwanza ameugua, basi watatu wanaofuata watakuwa wazima."

Tazameni vikopo tena. Je, mekundu mawili yanaweza kutoka katika kikopo kimoja? Hayawezi. Basi mume anayemfukuza mkewe kwa kuwa "amezaa watoto wagonjwa" hajatazama kikopo chake mwenyewe. Nimesikia mabishano haya katika zaidi ya darasa moja. Maharage yameyamaliza upesi kuliko hotuba.

Huenda mtu akauliza: kwa nini ugonjwa huu uko kwetu sana? Mwaka 1954 Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wabebaji ni wengi mahali penye malaria nyingi. Mbebaji hapati malaria kali kwa urahisi, kwa hiyo tangu zamani wabebaji walipona, wakazaa. Sisi tunaijua malaria. Kati ya mwaka 1955 na 1959 nyumba za tambarare za Pare na Taveta zilipuliziwa dawa ya kuua mbu, katika mpango mkubwa wa majaribio. Hata hivyo angalia: mtoto mwenye selimundu hana kinga hiyo. Malaria inaweza kumwua upesi. Kama unakaa Ndungu karibu na mashamba ya mpunga, chandarua chenye dawa ni lazima kwake kila usiku.

Baridi nayo ni adui. Mtoto wa Chome au Mamba avae nguo nzito miezi ya Juni na Julai, wala asioge maji baridi. Mtoto wa Makanya au Hedaru, kwenye jua kali, anywe maji mara nyingi hata kama hana kiu.

Sasa tuje kwenye msaada. Msaada upo, lakini haukufuati nyumbani. Huja kwa kuuliza na kwa karatasi. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Hapa ndipo kisomo chako kitakapofanya kazi.

Anza kwenye zahanati ya kijiji. Mwombe mganga akuandikie rufaa ya kupima damu ya mtoto. Kipimo hakihitaji damu nyingi. Kutoka Same mgonjwa anaweza kupelekwa Moshi, katika hospitali ya mkoa ya Mawenzi au KCMC. Uliza siku ya kliniki na uiandike. Mtoto asisubiri mpaka azidiwe. Kliniki ni ya siku za uzima. Huko atapata vidonge vya foliki, na akiwa chini ya miaka 5, penisilini ya kuzuia vijidudu. Ipo pia dawa iitwayo haidroksiyurea. Hupunguza maumivu na haja ya kuongezwa damu. Hutolewa na daktari tu, maana damu hupimwa mara kwa mara. Vidonge vya madini ya chuma usinunue dukani kwa akili yako.

Lakini mtoto akipata homa, akipumua kwa shida, akipauka ghafla, tumbo likivimba upande wa kushoto, au akilegea mkono na mguu wa upande mmoja, usisubiri siku ya kliniki. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Nauli na malipo ndiyo mzigo mkubwa. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka msamaha wa malipo katika vituo vya serikali kwa makundi maalumu. Wamo watoto wa chini ya miaka 5 na wenye magonjwa ya kudumu, selimundu ikiwa mojawapo. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, nayo imeweka njia ya kuwasaidia wasio na uwezo. Taratibu hubadilika, kwa hiyo mwulize Afisa Ustawi wa Jamii. Huyu ndiye anayepima uwezo wa familia. Usione haya kumwona. Mpelekee barua ya kijiji. Unaweza kuiomba hivi:

Mtendaji wa Kijiji,
Kijiji cha ...............

YAH: MAOMBI YA BARUA YA UTAMBULISHO

Mimi ............... wa kitongoji cha ............... ni mzazi wa ..............., mwenye umri wa miaka ...... Mtoto huyu ana ugonjwa wa selimundu. Alipimwa katika hospitali ya ............... tarehe ............... Sina uwezo wa kulipa gharama zote za matibabu. Naomba barua ya kunitambulisha kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Naambatanisha nakala ya kadi ya kliniki.

Sahihi: ...............

Weka kadi, rufaa na barua katika mfuko mmoja wa nailoni. Mvua ya milimani haichagui karatasi.

Mwalimu wa shule naye aandikiwe. Mtoto huyu hunywa maji mengi na hukojoa mara nyingi. Siku nyingine ataamka na maumivu na hatafika shuleni. Mwalimu akijua, hatamwita mvivu.

Kijiji kina msaada ambao serikali haiwezi kuutengeneza kiwandani. Msaada huo ni damu. Wapare tunajua msaragambo. Tunatengeneza barabara na ndiva pamoja, wala hatumwulizi mtu kama shamba lake liko juu au chini. Mtoto mwenye selimundu akipungukiwa damu, lazima iwepo chupa iliyotolewa na mtu mwingine. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianza mwaka 2004, na kituo chake cha Kanda ya Kaskazini kiko Moshi. Anayeweza kutoa ni mtu mzima mwenye afya, wa miaka 18 hadi 65, mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi. Mwanamume hutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Damu haiuzwi. Ukidaiwa fedha za damu, toa taarifa kwa mganga mkuu wa hospitali.

Mwaka 1973 vikundi vya Mtu ni Afya vilichimba vyoo nchi nzima. Darasa lililoweza hilo haliwezi kushindwa kuwa na orodha ya watu 10 walio tayari kutoa damu.

Hapa nchini huzaliwa zaidi ya watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Muhimbili ilianza mpango wa kuwafuatilia wagonjwa hawa mwaka 2004, na Profesa Julie Makani ni mmoja wa walioujenga. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Tiba hiyo huponya, ila bado ni ya wachache. Walio wengi watategemea kliniki, maji, chandarua, na watu wa karibu. Wakitunzwa hivyo, wengi hukua, husoma na kuwa wazazi.

MASWALI NA MAZOEZI

1. Kwa nini damu ya mtoto mwenye selimundu hupungua upesi?
2. Baba ana maharage meupe mawili. Mama ana jekundu na jeupe. Je, wanaweza kuzaa mtoto mwenye selimundu? Jaribuni kwa vikopo.
3. Taja dalili tatu za kumkimbiza mtoto hospitali.
4. Nakili barua ya hapo juu katika daftari lako na ujaze nafasi zilizo wazi.
5. Darasa liandike orodha ya watoa damu. Andikeni jina, kitongoji, na tarehe aliyotoa mara ya mwisho. Nakala moja ibaki zahanati.