Mitini Iliyokataa Kuzaa

Kila mtoto wa shamba aujua mpapai dume. Hutoa maua mengi yaning'iniayo, lakini mapapai hauzai. Kwa hiyo watu wengi huukata, wakisema, "Mti huu wala mbolea bure." Lakini mtu akikata mipapai dume yote ya mahali pake, baadaye hushangaa kuona hata mipapai jike haizai vema. Sababu yake ni nini?

Ndani ya maua ya kiume mna unga mwembamba uitwao chavua. Unga huo usipofika katika ua la kike, ua hunyauka, wala tunda halipatikani. Basi, mti hauna miguu, hauwezi kwenda kumtembelea mwenzake. Hapana budi utumie wajumbe. Wajumbe wa mpapai ni nondo wakubwa warukao upesi wakati wa jioni. Wajumbe wa mwembe ni nzi na nyuki. Maua ya mkorosho nayo huzuriwa na nyuki na wadudu wengine. Leo tutasoma habari za wakulima wasiomjua mjumbe wa mti wao, wakapata hasara kwa muda wa miaka karibu 20.

Katika nchi ya Uturuki, karibu na bandari ya Smyrna, ambayo siku hizi huitwa Izmir, hukua mitini yenye sifa kubwa. Tini zake huanikwa juani, hukauka, na kupelekwa nchi za mbali, kwa kuwa ni tamu mno. Wakulima wa California, katika Marekani, walitamani biashara hiyo. Jua la kwao ni kali kama la Smyrna, na ardhi yao ni njema. Basi katika miaka ya 1880 wakaagiza vipande vya mitini ya Smyrna kwa maelfu, wakavipanda, wakavitunza.

Miti ikakua, ikastawi, ikatoa tini changa. Wenye mashamba wakafurahi. Lakini tini zilipokuwa bado ndogo zikasinyaa, zikaanguka chini zote. Mwaka wa pili ikawa vivyo hivyo, na mwaka wa tatu pia. Wengine wakadhani wamedanganywa na wauzaji, wakapewa miti isiyofaa. Wengine wakaing'oa.

Kumbe kosa halikuwa katika miti. Watu husema kwamba mtini hauna maua, lakini sivyo. Tini changa ni kama kifuko kilichofungwa, na maua yake, madogo na mengi sana, yamo ndani. Penye ncha pana tundu dogo, nalo ndilo mlango wa pekee. Upepo hauwezi kupeleka unga humo, na nyuki hawezi kupenya. Tena mtini wa Smyrna una maua ya kike tu. Unga hutoka katika mtini-mwitu, ambao tini zake ni kavu na hazifai kuliwa.

Wakulima wa Smyrna walikuwa na desturi waliyoirithi kwa wazee wao. Kila mwaka huchukua tini-mwitu, huzitunga katika kamba, na kuzitundika katika matawi ya mitini mizuri. Wageni wengi walipoona hayo walicheka, wakasema ni ushirikina wa watu wasiosoma. Huko California kwenyewe zilikuwapo tini nyeusi, zilizoletwa na mapadre Wahispania katika karne ya 18, nazo huiva zenyewe bila msaada wowote. Kwa hiyo watu waliona haja gani ya kutundika tini mbaya katika mti mzuri?

Mwaka 1890 mkulima mmoja wa Fresno, jina lake George Roeding, aliamua kujaribu badala ya kubishana. Alichukua unga wa tini-mwitu, akautia kwa mkono ndani ya tini chache za Smyrna. Tini hizo zikaiva, na zile asizozigusa zikaanguka. Basi neno la wazee wa Smyrna likathibitika. Lakini ni nani awezaye kutia unga kwa mkono katika kila tini ya shamba zima? Alihitajiwa mjumbe mwenyewe.

Mjumbe huyo ni nyigu mdogo sana, urefu wake yapata milimita 2. Huzaliwa ndani ya tini-mwitu. Dume hana mabawa, naye hufa bila kuishi maisha ya nje. Jike hutoka kwa kupitia lile tundu, mwili wake umejaa unga, naye hana siku nyingi za kuishi. Hutafuta upesi tini nyingine apate kutaga mayai. Akiingia katika tini-mwitu, hutaga. Akiingia katika tini ya Smyrna, hawezi kutaga, kwa sababu maua yake ni marefu kuliko kifaa chake cha kutagia. Huhangaika huku na huku, akiyapaka maua unga, kisha hufa humo bila kuacha mtoto. Yeye amepata hasara, lakini tini imepata uzima.

Kumleta mdudu wa namna hii kutoka ng'ambo ya bahari hakukuwa kazi rahisi, na majaribio ya kwanza yalishindwa. Lakini mwaka 1899 mtaalamu wa mimea, Walter Swingle, alipeleka California tini-mwitu kutoka Algeria zenye nyigu ndani yake. Nyigu wakatoka, wakaona mitini-mwitu imekwisha kupandwa tayari kwa ajili yao, wakazaana. Tangu hapo mitini ya Smyrna ikaanza kuzaa. Hata leo wakulima wa huko hupanda mitini-mwitu mahali pa mbali kidogo, na majira yakifika hutundika tini zake katika mashamba yao, kama walivyofanya wazee wa Smyrna.

Nasi katika Afrika ya Mashariki tunaye ndugu wa mtini, yaani mkuyu uotao kando ya mito. Mkuyu nao una nyigu wake mwenyewe. Siku moja okota kuyu, ulipasue polepole, utazame. Huenda ukawaona wadudu wadogo wakitambaa ndani. Usiwaue kwa kudhani kwamba wameliharibu tunda. Bila wao, mkuyu usingepata mbegu, na mikuyu mipya isingeota.

Basi, kabla hujakata mti usiozaa, au kuchoma moto mzinga wa nyuki ulio karibu na shamba, uliza kwanza kazi yake ni nini. Wakulima wa California walicheka kamba za tini-mwitu, na kicheko hicho kiliwagharimu mavuno ya miaka mingi.

MASWALI

1. Kwa nini si vema kukata mipapai dume yote?
2. Maua ya mtini yako wapi?
3. George Roeding alijaribu nini mwaka 1890, na alijifunza nini?
4. Kwa nini nyigu hawezi kutaga katika tini ya Smyrna?
5. Tazama mti mmoja wenye maua asubuhi na jioni. Andika majina ya wadudu uliowaona.