SOMO LA WIKI: Kadi ya benki kwa msafiri wa ng'ambo, gharama imejificha wapi?

MFANYABIASHARA wa Makambako anayekwenda Guangzhou kutafuta vifaa vya ujenzi, na mkulima wa parachichi wa Njombe anayekwenda Dubai kuonana na wanunuzi, wote hujiuliza swali moja kabla ya safari: fedha ya matumizi niibebeje? Tangu Novemba 2022, Tanzania na China zilipotiliana saini makubaliano ya kuuza parachichi zetu huko, swali hilo si la wenye maduka peke yao tena.

Somo la wiki hii linahusu fedha ya chakula, malazi, teksi na zawadi za nyumbani tu. Fedha ya kununulia mali yenyewe haiendi kwa kadi. Hiyo hulipwa kwa uhamisho wa benki kwa benki, ule tunaouita TT, nao una somo lake.

Wazee wa biashara wanakumbuka kwamba kabla ya mwaka 1992 fedha za kigeni zilikuwa za kuombwa kwa fomu na kusubiriwa. Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka huo ilifungua maduka ya kubadilishia fedha, na kwa miaka mingi msafiri alishuka Dar es Salaam na shilingi zake, akanunua dola, akazifunga kiunoni. Kisha ukaja ukaguzi mkali wa Benki Kuu, Arusha Novemba 2018 na Dar es Salaam mwanzoni mwa 2019, na maduka mengi yakafungwa. Mwaka 2023 na sehemu ya 2024 dola zenyewe ziliadimika hata benki. Waliokuwa na kadi nao walionja tabu yao, lakini angalau hawakulala hotelini na kitita chini ya godoro.

Sasa tuje kwenye kadi. Mtu akiingia tawini Makambako au Njombe huuliza, "Dada, kadi hii inafanya kazi China?" Naye hujibiwa, "Ndiyo baba, inafanya kazi popote." Jibu hilo ni la kweli na halisaidii kitu. Swali la kuuliza ni hili: nikitoa au nikilipa nje ya nchi, mnanikata mara ngapi, na kiasi gani kila mara? Usione haya kuuliza. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinaitaka benki imweleze mteja tozo zake wazi. Omba orodha ya tozo iliyochapwa, nenda nayo nyumbani, uisome taratibu.

Utakuta makato ya aina mbili. La kwanza ni ada ya kila mara unapotoa fedha kwenye mashine ya ATM ya nje. Hilo halijali kama umetoa kidogo au kingi. La pili ni asilimia inayokatwa kwa kubadilisha fedha, na mara nyingi halionekani kwa sababu limo ndani ya kiwango chenyewe cha kubadilishia. Juu ya hayo, mwenye mashine ya huko naye anaweza kudai chake.

Tupige hesabu. Viwango hivi ni vya mfano tu, weka vya benki yako mahali pake. Tuseme dola moja ni Sh 2,600, ada ya ATM ya nje ni Sh 10,000 kila mara, na kubadilisha ni asilimia 3. Mfanyabiashara wetu atatumia yuan 7,000 kwa siku kumi, sawa na dola 1,000 hivi, yaani Sh 2,600,000.

Akitoa yuan 700 kila asubuhi, ada za ATM ni Sh 100,000. Ongeza asilimia 3, ambayo ni Sh 78,000. Jumla amepoteza Sh 178,000.

Akitoa mara tatu tu, ada zinashuka hadi Sh 30,000. Kwa ile asilimia, jumla ni Sh 108,000. Ameokoa Sh 70,000 bila kubadili benki wala kadi, kwa kupunguza safari za kwenda kwenye mashine. (Mara moja tu haitawezekana, mashine nyingi za China hukomea yuan 2,500 au 3,000 kwa mkupuo.)

Je, akifungua akaunti ya dola? Hapo wengi hudhani ndipo penye faida kubwa. Benki itamuuzia dola kwa bei ya juu kidogo, tuseme Sh 2,630, hivyo tayari ametoa Sh 30,000 zaidi. Dola kwenda yuan nako kuna kukatwa. Tuseme asilimia 1, Sh 26,000. Ada za kutoa mara tatu ni zilezile Sh 30,000. Jumla Sh 86,000. Amemzidi mwenye akaunti ya shilingi kwa Sh 22,000 tu, na kama akaunti ya dola ina ada ya kila mwezi, faida hiyo inaliwa kabla mwaka haujaisha. Kwa maoni yetu, anayesafiri mara moja kwa mwaka asihangaike nayo. Inamfaa anayelipwa kwa dola, kama muuza parachichi nje, maana yeye hanunui dola, anazo.

Lipo kato jingine ambalo halimo kwenye orodha ya benki yako kabisa, na ndilo linalouma kuliko yote. Uko dukani Deira, Dubai. Muuzaji anaingiza kadi yako kwenye mashine, na kioo kinakuuliza: ulipe kwa dirham au kwa TZS? Ukiona shilingi ya nyumbani huko ugenini, unafurahi. Usifurahi. Ukichagua shilingi, anayebadilisha fedha si benki yako tena bali ni mwenye mashine, naye hujipangia kiwango chake, ambacho kwa kawaida ni kibaya kuliko cha benki. Kwa mfano wetu wa dola 1,000, kiwango kibaya kwa asilimia 5 ni Sh 130,000, na benki yako bado inaweza kukata ada yake ya muamala wa nje. Chagua fedha ya nchi uliyopo, kila mara, dukani na kwenye ATM. Hata mwenye kadi ya dola achague dirham. Muuzaji akikubonyezea mwenyewe bila kukuuliza, mwambie afute muamala aanze upya, na usiondoke na risiti yenye TZS.

Dubai ina jambo moja zuri kwa mtu anayetaka kuipima kadi yake. Dirham imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1997 kwa kiwango cha dirham 3.6725, na hakipandi wala hakishuki. Kwa hiyo mwenye kadi ya dola anayelipa dirham 734.50 ametumia dola 200 kamili. Akifungua taarifa ya akaunti akakuta amekatwa dola 204, anajua pasipo ubishi kwamba dola 4 zimekwenda kwenye makato, asilimia 2. Rial ya Oman nayo imefungwa, moja ni dola 2.60, hivyo Muscat kipimo ni hichohicho. Lipa kitu kidogo siku ya kwanza, angalia kilichokatwa, ndipo uamue safari nzima utumie kadi ipi.

China ni habari nyingine. Nembo ya Visa au Mastercard inayokubalika hoteli kubwa haina maana kwa mama muuza tambi wa Xiaobei, ambaye hupokea malipo kwa simu. UnionPay, ambayo baadhi ya benki zetu huitoa, ni mtandao wa Wachina wenyewe na hupokelewa mahali pengi zaidi. Lakini tangu mwaka 2023 msafiri mwenye kadi ya Visa au Mastercard anaweza kuiunganisha na Alipay au WeChat akalipa kwa simu kama wenyeji. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana ada ya ziada huko; yakizidi hapo hukatwa asilimia 3. Basi simu iwe ya chakula na teksi, na bili ya hoteli iliyo nene ilipwe kwa kadi yenyewe mezani.

Kazi ya kuunganisha ifanyike ukiwa bado Makambako. Benki hutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe wa simu kwenye laini yako ya Tanzania, na laini isiyofunguliwa romingi haitaupokea ukiwa Guangzhou. Hapo kadi ni nzima, fedha ipo, na huwezi kulipa. Fungua romingi kabla ya kuondoka. Pia iarifu benki nchi unazokwenda na tarehe, vinginevyo inaweza kuifunga kadi ikidhani imeibwa. Uliza ukomo wa kutoa kwa siku. Na uandike pembeni namba ya benki inayoanza na +255, kwa sababu zile za bure zinazoanza na 0800 kwa kawaida hazipatikani ukiwa nje.

Kadi ziwe mbili, za benki mbili tofauti ikiwezekana, na zisikae pochi moja. Hoteli nyingi hushikilia amana kwenye kadi unapoingia. Fedha hiyo inaweza kukaa siku kadhaa bila wewe kuigusa, hata baada ya kuondoka. Kama akaunti ina fedha ya kubana, lipa amana hiyo kwa noti.

Kwa anayeishia Nakonde ng'ambo ya Tunduma, somo hili halimhusu sana. Huko noti na simu zinatosha.

Noti zisiachwe kabisa. Dola mia tatu hadi mia tano, mpya na zisizo na mikunjo, zitakuvusha usiku wa kwanza kadi ikigoma. Anayebeba dola 10,000 au zaidi anatakiwa kuzitamka forodhani anapotoka na anapoingia. Na yuan zilizobaki zibadilishe hukohuko kabla ya kupanda ndege, au mwachie mwenzako anayesafiri mwezi ujao. Ukifika nazo Makambako utazitunza kwenye droo.