Kompyuta Ikisoma Uongo

*Mwanangu wa kidato cha tatu anaiuliza kompyuta kila kitu. Nasikia hujifunza yenyewe kwa kusoma intaneti. Je, ikisoma uongo? – Mama, Tanga*

Mama, wasiwasi wako una msingi. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, kiliiwasha NELL, programu ya kusoma intaneti usiku na mchana. Iliziweka kuki za kompyuta, yaani vifaili vidogo ambavyo tovuti huhifadhi, kwenye kundi la vitu vya kuoka, kwa kuwa kuki pia ni jina la biskuti. Ilipokuta watu wanafuta kuki, na wengine wanafuta mafaili, ikayatia mafaili humo humo! Kosa huzaa kosa, hivyo watafiti wakalazimika kuisahihisha.

Usimkataze kijana. Alinganishe majibu na kitabu cha kiada, akikwama amuulize mwalimu. Swali likihusu dawa, nendeni zahanati.