SOMO LA JIOGRAFIA: SEMLIKI, MPAKA UNAOTEMBEA

Tukiulizwa mpaka wa inchi ni nini, wengi tunajibu: ni ule mstari wa karta. Lakini kuna mpaka usiotulia, ndio mto Semliki, kati ya Kongo na Uganda. Fungueni karta, tuufuate.

1. Njia yake
Semliki inatoka ziwa Edward, pale Ishango, meta 900 na zaidi juu ya bahari. Inaelekea kaskazini, inapita magharibi ya milima Ruwenzori, inaingia ziwa Albert, chini kwa meta 300 hivi. Maji yake hayaendi katika mto Kongo, hapana. Yanafuata Nile mpaka Mediterania.

2. Ulinzi wake
Huko juu mto ni wa Kongo ngambo zote mbili, na sehemu kubwa iko ndani ya Parki ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Chini zaidi, Uganda nayo ilifanya parki ya Semuliki katika 1993, kwenye ngambo ya kuume.

3. Mpaka
Mto mdogo Lamia unashuka toka Ruwenzori. Mpaka unaufuata, kisha unafuata Semliki mpaka ziwa Albert. Waingereza na Wabelgiji walipatana hivyo London, mwaka 1915: mstari upite penye kilindi cha mto.

4. Juu ya nini unatembea?
Karibu na ziwa Albert inchi ni tambarare, basi mto unajipinda kama nyoka. Kwa upande wa nje wa kila pindo maji ni ya nguvu, yanakula udongo. Upande wa ndani ni pole, yanaacha mchanga. Siku moja maji mengi yanakata pindo, mto unapata njia mpya.

Sheria ya mataifa inasema hivi: mto ukisogea polepole, mpaka unasogea nao. Ukiruka kwa ghafula, mpaka unabaki katika njia ya zamani. Kwa hiyo mlimaji anaweza kuona shamba lake limekuwa ngambo ingine, na yeye hakuhama hata hatua moja.

Mizizi ya miti na matete inashika udongo. Anayefyeka ukingo kabisa anasaidia maji kula shamba lake, na inchi yake pia.

Maswali
a) Juu ya nini ngambo ya nje inaliwa?
b) Pindo likikatwa kwa ghafula, mpaka unapita wapi?
c) Mto wa karibu nasi, kingo zake zina miti?